Babu yangu hakuwa askari, alikuwa mpagazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Ikibidi kupunguza maneno, punguza ya mwanzoni, ya mwisho niachie.

Kwa wiki kadhaa sasa wasomaji wenzangu wamekuwa wakileta humu habari za mababu zao, nami nimezisoma zote. Mmoja babu yake alikuwa jumbe. Mwingine aliongoza kikosi cha Maji Maji. Wa tatu babu yake alimzaba Mjerumani kibao mbele ya watu akaondoka zake, hakufanywa kitu. (Huyo sikumwamini, lakini alinichekesha siku nzima.) Nilipomaliza ya mwisho nikajiuliza: wale waliobeba mizigo, wao hawakuzaa? Maana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, huku kwetu Afrika Mashariki, wapagazi wa pande zote wanakadiriwa kufika milioni moja. Askari walikuwa wachache sana ukiwaweka kando yao. Lakini pita nyumba kwa nyumba leo uulize: kila babu alishika bunduki.

Kwetu pia. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimezaliwa 1957 Unyanyembe, nje kidogo ya mji wa Tabora, na tangu nipate akili nasikia kwamba babu mzaa baba alikuwa askari wa Mdachi, yaani Mjerumani. Msimulizi mkuu ni baba yangu mdogo, sasa ana miaka themanini na kitu. Iwe msiba, iwe harusi, kahawa ikishapita mara mbili utamsikia: baba yangu alipigana Mahiwa, aliua Waingereza. Nilipokuwa msichana Waingereza hao walikuwa wawili. Mwaka jana walifika tisa. Na hapo hajui, au hataki kujua, kwamba wengi walioanguka upande wa Mwingereza pale Mahiwa, huko kusini nyuma ya Lindi, Oktoba 1917, walikuwa weusi kama sisi, Wanijeria na askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza.

Babu alifariki 1971, mimi nikiwa na miaka 14. Kazi yangu ilikuwa kumsugua mabega kwa mafuta ya nyonyo jioni, kabla hajaingia kulala. Kwenye bega la kushoto alikuwa na kinundu kigumu kama kisigino, ukikibonyeza hakisikii. Nilimuuliza mara moja, Babu, hiki nini? Akaniambia, "Hicho, mke wangu, kaniachia Mdachi." Nami kwa utoto nikadhani ni risasi imebaki ndani. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, viwili vililiwa na funza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kazini, aliletwa wodini mzee mwingine mwenye kinundu kama kile, bega lile lile. Nikamuuliza kazi aliyofanya ujanani. Akasema, "Kubeba." Nilisimama pale na beseni mkononi nisijue niliweke wapi. Bunduki haiachi alama ile. Ni sugu, ngozi na nyama iliyosagwa na mzigo ikapona, ikasagwa tena ikapona, mpaka mwili ukaamua kujijengea mto. Na Wanyamwezi tangu enzi za misafara walibeba begani, tofauti na watu wa pwani waliozoea kichwani.

Basi nikaanza kumtafuta babu.

Kwanza umri. Kaburi lake baba mdogo alilijengea kwa saruji miaka ya tisini, akaandika kwa rangi: Amezaliwa 1905. Mtu aliyezaliwa 1905 vita vinaanza ana miaka tisa. Sasa hao Waingereza aliwaua na nini, manati? Lakini babu mwenyewe alikuwa akisema kwamba baruti ya Isike ilipolia, yeye alikuwa mgongoni mwa mama yake. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893, Wajerumani wakiwa wameshaingia. Mtoto wa mgongoni ana mwaka mmoja, hazidi miwili. Kwa hiyo babu alizaliwa 1891 au 1892, na vita vilipofika Tabora alikuwa kijana wa miaka 24 hivi, umri wa kubeba. Wazee wetu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, lakini walikuwa na mwaka wa nzige, mwaka wa sotoka, mwaka wa njaa fulani. Makarani wa sensa wanaijua mbinu hii na wanaitumia mpaka leo kwa wazee. Sisi wajukuu tunaona ni hadithi za kulalia.

Nilipolipata hilo, mengine yakaanza kujipanga. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na ilipofika, kazi ya upagazi wa misafara ambayo Wanyamwezi waliifanya vizazi na vizazi ikafa palepale. Babu alikuwa ameionja utotoni kwa kumfuata baba yake, kisha akaacha, akawa mtu wa mizinga na asali. Vita vikaufufua upagazi. Wanyama hawakufaa, kwa sababu mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe, na magari hayakuwa na barabara. Ikabaki shingo na bega la mtu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenipa kisa chenyewe kabla hajafa, na alinipa huku akipepeta mchele, kama mtu anayekuambia jana kulinyesha. Babu alitoka nyumbani asubuhi na kilindo cha asali kwenda kuuza mjini. Watu wa Mdachi wakamkamata sokoni na wenzake, wakawafunga kamba kiunoni mmoja nyuma ya mwingine. Asali ilikwenda na waliokamata. "Alisema anarudi jioni," shangazi akaniambia, "akarudi baada ya mvua mbili na nusu."

Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wajerumani waliokuwa mjini, chini ya Jenerali Wahle, waliondoka kuelekea Iringa. Hawakuondoka peke yao, mtu haamki na jeshi zima likahama bila kukamata wa kulibebea. Nikaiweka asali ya babu mwezi huo.

Hapo sina karatasi, Mhariri, nasema kweli. Nilikaa siku tatu Nyaraka za Taifa, Upanga, watumishi walinisaidia kwa moyo, lakini katika majalada niliyofungua niliona mizigo imehesabiwa, watu hawakutajwa. Nilichonacho ni sarafu moja. Ni heller 20 ya shaba ya njano. Upande mmoja ina taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A., kifupi cha jina la Kijerumani la koloni lao, na ina herufi T, yaani Tabora. Wajerumani walipozingirwa na meli zao kushindwa kuleta fedha, walipiga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli hapa hapa Tabora. Zilikuwapo na za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. (Tungekuwa na hiyo ya tembo, baba mdogo angeshaiuza zamani.) Hii yetu imepigwa vibaya, duara lenyewe limekaa upande, na makali ya pembeni yamelainika kwa kushikwashikwa. Rupia moja ilikuwa heller 100, kwa hiyo hii ni sehemu ya tano ya rupia. Alikwenda nayo, akarudi nayo. Bibi alimuuliza kwa nini hakuitumia, akamjibu hakukuwa na duka.

Sasa nifike kwa Lujenda.

Babu akikasirika sana, au akitaka kumaliza ubishi, alikuwa akisema: "Mimi niliyevuka Lujenda!" Basi. Hapo mjadala umefungwa. Watu wazima nyumbani waliamini Lujenda ni mwanamke. Shangazi zangu walimtania bibi nalo miaka nenda miaka rudi, mama yetu mkubwa Lujenda hajambo huko aliko? Na bibi alikuwa akinuna kweli, si mchezo. Alikufa mwaka 1966 akiwa na wivu na Lujenda.

Mwaka wangu wa tatu wa kustaafu, nikiwa kwa mwanangu Dar es Salaam, nilikuwa naitazama ramani ya mpaka wa kusini, natafuta tu Mahiwa iko wapi. Kidole kikateremka mpaka mto Ruvuma. Upande wa Msumbiji kuna mto mkubwa unakuja kuungana na Ruvuma mahali panapoitwa Ngomano. Ramani mpya zinauandika Lugenda. Za zamani zinauandika Lujenda. Nilimwita mwanangu aje asome, maana nilidhani miwani inanidanganya.

Tarehe 25 Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, alivuka Ruvuma pale Ngomano, akaipiga ngome ya Wareno na kujipatia bunduki na risasi, kisha akapanda kuufuata huo Lujenda. Kabla ya kuvuka alikuwa amepunguza watu, akaacha wagonjwa na waliochoka, akachukua wanaoweza kutembea. Babu alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Sijui hata kama nimpe pole au hongera.

Nimefuata njia yao kwa uzi juu ya ramani, Tabora hadi Iringa, hadi nyuma ya Lindi, Ngomano, kisha kusini Msumbiji hadi Namacurra karibu na Quelimane, ambako walipigana Julai 1918, kisha kugeuka kurudi kaskazini, kuvuka Ruvuma tena, Songea, na kuingia Rhodesia ya Kaskazini hadi Kasama. Uzi unanipa si chini ya kilomita 3,000, na uzi haupandi milima. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hadi 30, bila mkeka wake na sufuria yake. Fikiria hesabu hii ambayo ilinikosesha usingizi: mtu anayefanya kazi ile anahitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Ukimtwika kilo 25 za unga na kumwambia atembee, baada ya siku 25 atakuwa ameula mzigo wote mwenyewe na jeshi halijapata hata kijiko. Ndiyo maana wapagazi walizidi askari, wapagazi wa kulisha wapagazi. Na ndiyo maana kila kijiji walichopitia kilibaki hakina chakula. Huko Ugogo, kati ya 1917 na 1920, watu walikufa kwa njaa iliyoitwa Mtunya, na haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima.

Kama muuguzi naongeza jambo ambalo wanaume wanaoandika habari za vita hulipita haraka. Kilichowaua wapagazi kwa wingi si risasi, ni tumbo. Kuhara damu. Unga wa mahindi ambao haukuiva, kwa sababu kuni zimelowa na safari inaanza alfajiri, unakwangua utumbo wa mtu aliyezoea mtama au wali. Nimewauguza wa kuhara damu. Najua mtu anavyokuwa siku ya nne. Halafu umtwike kilo 25.

Ulaya vita viliisha tarehe 11 Novemba 1918. Huku habari ilichelewa siku kadhaa, na Wajerumani walisalimu amri rasmi tarehe 25 Novemba pale Abercorn, leo inaitwa Mbala, nchini Zambia. Ukisoma vitabu juu ya siku hiyo, Wazungu waliosalimu amri ni 155. Askari nao wanatajwa, elfu moja na mia moja na ushei. Ukifika kwa wapagazi, kitabu kimoja kina hesabu yake na kingine yake, na tofauti si ya watu kumi. Babu yangu yumo ndani ya tofauti hiyo.

Baada ya hapo waliteremshwa Kasanga, wakapakiwa meli ya Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapandishwa treni. Askari na wapagazi waliwekwa kambini wapi? Tabora! Mtu amekamatwa sokoni Tabora, amezunguka nusu ya bara, analetwa kama mateka kufungiwa Tabora, mwendo wa saa mbili kutoka kwa mama yake. Shangazi alikuwa akisema siku zote, "aliondoka kwa miguu akarudi kwa gari moshi," nasi tulicheka tukidhani ni fumbo. Na homa kubwa ya mafua ya mwaka ule ilikuwa imeshaingia, ikawamaliza humo kambini wengi ambao Lujenda haikuwamaliza. Babu alitoka. Alipofika nyumbani mama yake alikuwa na wiki tatu kaburini, kwa homa hiyo hiyo.

Niliyapeleka yote haya kwa baba mdogo, na ramani, na uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Lakini unataka kumvua baba yangu sare mbele ya watu?"

Nikamwambia, baba, sare hakuwahi kuvaa, cheti chake cha uaskari kiko wapi? Akanyamaza. Kisha akasema maneno ambayo sijayajibu hadi leo: mpagazi ni mtu wa kutumwa, na yeye hawezi kuwaambia wajukuu kwamba ukoo wao ulianza na mtu wa kutumwa.

Namwelewa. Pale Dar es Salaam mjini, kwenye sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927, maandishi yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukifa ukiipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Lakini aliyesimama juu, kwa shaba, ni askari na bunduki yake. Nairobi angalau katika zile sanamu tatu za kumbukumbu ya vita yumo na mbebaji. Na Kariakoo? Watu wanapanga foleni ya daladala pale kila siku, jina limetokana na kikosi cha wabebaji cha Mwingereza, Carrier Corps, na muulize kijana yeyote atakwambia Kariakoo ni soko. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Vizuri. Lakini hao ni wa upande wa Mwingereza. Aliyebeba mzigo wa Mdachi, nani atamwombea radhi?

Maisha mengine ya babu nayapitia kwa haraka kwa sababu nafasi ni ya wote. Alikwenda Tanga kukata mkonge, akawa manamba, jina lililotokana na zile namba walizopewa. Mwishoni mwa miaka ya 40 aling'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza huko Urambo, mpaka mradi wenyewe ukafa naye akarudi kwenye mizinga. Na Januari 1958, TANU walipokutana hapa Tabora na kupitisha uamuzi wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu), nyumbani kwetu inasemekana babu alikuwa ukumbini karibu na Mwalimu. Hapana. Bibi aliniambia wiki ile alikuwa anaezeka nyumba ya dada yake kabla mvua haijaiharibu. Wazee wote wa Tabora waliosema walikuwamo ukumbini ule, ungewakusanya, wangejaza uwanja wa mpira.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Wasomaji wakileta habari za mababu, waulize na hili: alikuwa na kovu gani, na neno gani alilokuwa akilisema ambalo nyumbani hakuna aliyelielewa? Waandike kama lilivyotamkwa. Wasilisahihishe. Wala wasingoje kustaafu kama mimi. Shangazi alikufa wiki mbili baada ya kunisimulia habari ya asali.

Kaburi la babu liko kwenye mahame, kijiji chetu cha zamani, kwa kuwa sisi tulihamishwa 1974 wakati wa operesheni vijiji, na wafu wakabaki. Nilikwenda mwezi uliopita na panga kufyeka. Saruji imepasuka lakini maandishi yanasomeka: askari, 1905. Mwaka, baba mdogo amekubali niurekebishe. Hilo neno jingine amesema nisiliguse akiwa hai.

Nimeshanunua kopo la rangi nyeusi na brashi ndogo. Baba mdogo anakwenda Mwanza kwa mwanawe mwezi ujao, na mwenyewe anasema atakaa sana.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Tabora